Taa mbili za pembeni: kisa cha picha ya Alfried Krupp

Mwaka 1963 jarida la Newsweek la Marekani lilimtafuta Arnold Newman, mpiga picha wa New York, aende Essen, Ujerumani, akampige picha Alfried Krupp, mwenye viwanda vya chuma. Newman alikataa. Aliwaambia wahariri kwamba kwake yeye Krupp ni shetani. Wakamjibu kwamba hata wao wanamwona hivyo. Akaikubali kazi.

Picha aliyorudi nayo imefundishwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka 60. Ni ya rangi. Krupp yuko katikati, karibu kabisa na kamera, ameinama mbele, vidole vya mikono yake miwili vimefumana na kidevu kimeegemea juu yake. Nyuma yake ukumbi wa kiwanda unakwenda mbali, nguzo za zege kushoto na kulia, na chini kazi ya kuunda treni inaendelea. Mashavu yake yote mawili yana mwanga, lakini katikati ya uso, kuanzia kwenye paji na kushuka puani hadi mdomoni, pana giza. Macho yamezama chini ya nyusi. Ngozi ina ukijani ambao hakuna mtu mwenye afya anayekuwa nao.

Mwonyeshe picha hiyo mtu asiyemjua Krupp wala historia yake. Atakwambia huyu ni mtu mbaya, na atakwambia kabla hujamaliza kuuliza. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na utamu, kwa sababu pichani Krupp hafanyi lolote. Hana silaha, hana sare, hajakunja uso. Amevaa suti na anatazama kamera. Hukumu yote imetolewa na taa, kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia: taa zile zilifanyaje kazi hiyo, na zilikuwa na haki gani ya kuifanya.

Nani alikuwa mbele ya kamera

Ukoo wa Krupp ulianza kufua chuma Essen mwaka 1811, na kwa vizazi kadhaa jina lao lilikuwa ndilo jina la mizinga ya Ujerumani. Sisi watu wa pwani tunao ushahidi nyumbani: mzinga wa milimita 105 wa manowari ya Kijerumani Königsberg ulioko Fort Jesus, Mombasa, ni wa muundo wa Krupp. Manowari yenyewe iliishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa na kuburutwa bara na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Lakini huo ni wakati wa wazee wake. Alfried alizaliwa 1907, na kilichompeleka mahakamani ni mambo ya vita vya pili.

Mahakama ya kijeshi ya Marekani iliyokaa Nuremberg ilitoa hukumu yake tarehe 31 Julai 1948. Shtaka la kupanga vita vya uvamizi lilianguka. Yaliyosimama ni mawili: kupora mali za nchi zilizokaliwa, na kuwatumikisha watu kwa nguvu. Kampuni ilikuwa imewafanyisha kazi makumi ya maelfu ya wafungwa, mateka wa vita na raia waliokusanywa kutoka nchi zilizotekwa, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Krupp alifungwa miaka 12 na mali yake ikaamriwa kutaifishwa. Mapema 1951 John McCloy, kamishna mkuu wa Marekani katika Ujerumani iliyokaliwa, alimwachia huru na kuamuru arudishiwe mali. Miaka 12 baadaye, Newman alipofika Essen, Krupp alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya na kiwanda chake kilikuwa kinaunda treni.

Newman naye alikuwa Myahudi wa Marekani, aliyezaliwa New York 1918. Alisomea uchoraji Miami, fedha zikakata, akaacha chuo akaenda Philadelphia kufanya kazi kwenye studio ya bei rahisi iliyopiga picha za uso kwa senti 49. Natia mkazo kwenye hizo senti 49, maana waandishi wengi hurukia umaarufu wake. Studio ya namna hiyo humfundisha mtu haraka sana mahali taa inapokaa ili mteja aonekane mzuri: mbele, juu kidogo, upande mmoja, na mwanga laini wa kujazia upande wa pili ili kivuli kisimchukize. Mtu anayeijua kanuni hiyo kwa mkono, bila kufikiri, ndiye anayejua pia ni kitu gani hasa akikiondoa mteja ataharibika.

Jukwaa kiwandani

Watu wa Krupp walipotambua kwamba mpiga picha ni Myahudi, walitaka kuzuia kazi. Newman aliomba aonane na Krupp mwenyewe amwonyeshe kazi zake, kisha mwenye kiwanda aamue. Krupp alizitazama, akapendezwa, akakubali. Hapa kuna jambo la kuchekesha kwa namna chungu: zile picha nzuri za wasanii na viongozi ndizo zilizomfungulia mlango. Krupp aliamini kwamba na yeye anakwenda kupigwa picha ya aina hiyo.

Newman hakumpiga picha ofisini. Aliandaa jukwaa lililoinuliwa kiwandani, ili Krupp akae juu na ukumbi mzima uonekane nyuma na chini yake. Alikuwa akifanya kazi na kamera kubwa ya kusimikwa kwenye miguu mitatu, ya filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5, kipande kimoja kwa kila picha. Kamera ya namna hiyo haivizii mtu. Unapanga, unafunika kichwa kwa kitambaa cheusi, unasawazisha, unaingiza filamu, unapiga. Hakuna kitu kwenye fremu kilichoingia kwa bahati. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoielezea picha hii kama wakati fulani ulionaswa. Ilijengwa, na kilichobaki ni mtu mwenyewe kuingia mahali pake.

Taa aliziweka pande zote mbili za kiti, chini kuliko zinavyowekwa kwa kawaida.

Kwa nini chini? Sisi sote tumejifunza kuzitambua sura za watu chini ya jua na chini ya taa za darini. Mwanga unatoka juu: paji la uso linang'aa, chini ya pua na chini ya kidevu kuna kivuli. Ukiupindua mwelekeo huo, sura ile ile inageuka ngeni, na jicho linakataa kabla akili haijajua sababu. Kila mtoto aliyewahi kushika tochi chini ya kidevu siku umeme umekatika analijua hili vizuri. Ila tochi ya chini kabisa ina kasoro moja: inachekesha. Ni alama iliyotumika mno kwenye sinema za kutisha hata mtazamaji anaijua, anatabasamu, na picha inapoteza nguvu. Newman aliikwepa. Taa zake zimetoka pembeni zaidi kuliko chini, kwa hiyo mtazamaji hasemi "ah, taa ya zimwi". Anasema tu kwamba mtu huyu ana kitu.

Na pembeni kuna kazi nyingine. Taa ya kushoto inaliangaza shavu la kushoto na kuishia kwenye pua. Ya kulia inaliangaza la kulia na kuishia hapo hapo. Mfupa wa pua na mifupa ya mashavu inazizuia zisikutane. Katikati panabaki ukanda ambao hakuna taa inayoufikia, na ukanda huo ndio wenye macho na mdomo, yaani zile sehemu ambazo binadamu huzitegemea kumsoma mwenzake. Newman alizifanya sehemu muhimu kuliko zote za uso ziwe ndizo zenye giza kuliko zote.

Kwenye studio za kawaida taa mbili za pembeni si jambo geni. Huitwa kusaidia tu: zinachora ukingo wa kichwa na mabega ili mtu asizame kwenye pazia la nyuma. Taa kubwa inakuwa mbele. Newman aliziacha zile za kusaidia, akaiondoa ile kubwa. Watu wakiulizwa siri ya picha hii hutaja taa zilizokuwepo. Mimi naona siri ni ile ambayo haikuwepo. Laiti kungekuwa na ubao mmoja mweupe mbele ya Krupp, ukarudisha mwanga kidogo tu usoni, pangetokea doa dogo la nuru kwenye kila mboni, na macho yenye nuru ni macho yanayoweza kupendwa. Uhasama wote wa picha ungeyeyuka kwa kipande cha kadibodi.

Halafu likaja lile ambalo Newman alilisimulia mara nyingi baadaye: alimwomba Krupp ainame mbele, na Krupp alipoinama, nywele za mpiga picha zilisisimka.

Jiometri ya jambo hilo ni nyepesi. Mtu akiwa amekaa wima kati ya taa mbili za pembeni, mwanga unamfika ubavuni na sehemu yake huvuka kuja mbele ya uso. Akiinama mbele anauacha mstari wa taa nyuma yake. Sasa mwanga unamjia kutoka pembeni na nyuma kidogo, ukanda wa giza katikati unapanuka, nyusi zinayafunika macho. Taa hazikusogezwa hata kidogo. Aliyesogea ni Krupp, kwa hiari yake, na mikono akaiweka chini ya kidevu kama mtu anayesikiliza mashauri ya biashara. Pozi hilo hilo kwenye mwanga wa dirishani lingekuwa la mzee mwenye busara.

Ule ukijani

Kuhusu rangi, lazima tukumbuke filamu ya wakati ule ilivyokuwa. Filamu ya rangi ilitengenezwa kwa aina moja ya mwanga: ama wa mchana, takriban kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ama wa balbu za studio, kelvini 3200. Taa za tyubu za viwandani hazikuwa upande wowote. Ndani ya mrija kuna mvuke wa zebaki, na zebaki hutoa mwanga mkali kwenye sehemu chache za upinde wa rangi, mojawapo ikiwa ya kijani kwenye nanomita 546. Jicho la mtu husawazisha, linaona weupe wa kawaida. Filamu haisawazishi. Inaurekodi ukijani wote.

Wapiga picha wa biashara walilijua tatizo hili na dawa yake: kichujio cha majenta mbele ya lenzi. Mtu wa uzoefu wa Newman, miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi, hapitiwi na jambo kama hilo. Ukijani ukibaki kwenye picha ya mtu kama yeye, umeachwa ubaki. Na angalia unavyofanya kazi: sura ya Krupp imepakwa rangi ya kiwanda chake. Mtu na ukumbi wamekuwa kitu kimoja. Jambo ambalo mahakama ililisema kwa kurasa nyingi, kwamba maovu yale yalifanyika kupitia karakana na ratiba za kazi, linasemwa hapa na mwanga wa karakana juu ya ngozi ya mwenye karakana.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba hii haikuwa staili ya Newman ya kila siku. Picha yake nyingine maarufu, ya mtunzi wa muziki Igor Stravinsky ya mwaka 1946, haina tamthilia yoyote ya taa. Mtunzi yuko kwenye kona ya chini ya picha, mdogo, na sehemu kubwa ya fremu imejazwa na umbo jeusi la kifuniko cha piano kilichoinuliwa mbele ya ukuta mweupe. Nguvu yote imetoka kwenye maumbo. Kuna wapiga picha wenye taa moja wanayomwangazia kila mteja, bibi harusi na mwanasiasa kwa pamoja, kisha wanaiita sahihi yao. Newman hakuwa hivyo. Taa za Essen zilichaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Hoja za wanaopinga

Krupp alikasirika alipoiona picha, na pakazuka mazungumzo ya kumpiga Newman marufuku Ujerumani. Newman hakuomba radhi. Alisema waziwazi kwamba, yeye akiwa Myahudi, kile kilikuwa kisasi chake kidogo.

Neno hilo la kisasi ndilo linalowakera wapinzani wa picha hii, na wana hoja. Taa zile zile, jukwaa lile lile, umweke mjomba wako mpole aliyestaafu ualimu, uinamishe kichwa chake mbele: atatoka shetani. Taa haijui nani ana hatia. Basi picha inathibitisha nini?

Jibu langu ni kwamba haithibitishi kitu, na haikupaswa kuthibitisha. Uthibitisho ulikuwepo tayari, kwenye kumbukumbu za mahakama, miaka 15 kabla. Mwanga wa namna hii ni dai, na dai hupimwa kwa ushahidi ulio nje ya picha. Ndiyo maana picha ya Krupp imeweza kusimama muda wote huu ilhali picha nyingine zilizotumia mbinu ile ile zimeanguka ndani ya wiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 2008. Jarida la The Atlantic lilimwajiri Jill Greenberg ampige picha John McCain, mgombea urais wa Marekani, kwa ajili ya jalada. Greenberg alitoa picha ya kawaida, ikachapishwa. Lakini kabla McCain hajaondoka alimwomba asimame mahali pengine kwa picha chache zaidi. Mbele yake paliwekwa taa ya studio iliyokuwa imewashwa ile balbu yake ya kuongozea, inayowaka muda wote kuonyesha mwanga utaangukia wapi, na mgombea akaamini kwamba ndiyo itakayompiga. Flashi ya taa hiyo haikuwa inafanya kazi. Iliyofanya kazi ilikuwa imewekwa chini, ikarusha vivuli vya kutisha juu ya uso wake. Greenberg alizitia picha hizo kwenye tovuti yake mwenyewe, baadhi akiwa amezichezea kwa namna ya matusi. Jarida lilijitenga naye, na mhariri wake James Bennet akasema McCain ataandikiwa barua ya kuombwa radhi.

Kwa upande wa taa, mbinu ni ndugu. Kwa nini basi hukumu zimekuwa tofauti? Wengine watasema ni siasa tu, kila mtu anafurahi akichafuliwa yule asiyempenda. Kuna ukweli humo. Lakini tofauti mbili hazifutiki. Wahariri wa Newsweek walijua Newman anamwonaje Krupp kabla hajaenda, wakamtuma hivyo hivyo. Wahariri wa The Atlantic walitumiwa jina lao bila kujua. Na taa ya Greenberg ilidai jambo gani kuhusu McCain? Kwamba hampendi. Hakuna kilichosimama nyuma ya kivuli kile isipokuwa hisia za mpiga picha mwenyewe.

Kwenye suala la kumlaghai aliye kwenye kiti, hata hivyo, sioni namna ya kumtakasa Newman kabisa. Kweli taa zake zilikuwa wazi, zimesimama pale pale, wala hakuwasha moja akapigia nyingine. Lakini Krupp hakuwa na ujuzi wa kuzisoma, na Newman aliutumia kutojua huko. Kwa mtu aliyetiwa hatiani kwa utumwa naweza kulivumilia. Kwa mteja wa kawaida nisingelivumilia.

Hoja nyingine ya kupinga ni ngumu zaidi, na mimi huirudia kila nikiitazama picha hii. Kumwonyesha mwovu akiwa na sura ya mwovu kunatufariji. Tunapata kuamini kwamba shetani angetujia kwa rangi ya kijani tungemtambua. Ilhali maovu ya Essen yalipangwa na watu walionyoa ndevu vizuri, wenye mafaili, waliokula chakula cha mchana kwa wakati. Picha ya Krupp katika mwanga mzuri wa ofisini, akitabasamu, chini yake pameandikwa hukumu ya 1948, huenda ingetisha zaidi. Nakubali kwamba ingetisha. Lakini mwaka 1963 mwanga mzuri wa ofisini ndio aliokuwa anapewa na kila mtu. Alikuwa mwenye viwanda mashuhuri, mwenyeji wa wageni wakubwa. Sura ya heshima ilishajaa kila mahali. Iliyokosekana ilikuwa ile nyingine.

Ukitaka kuijaribu

Mpange rafiki aliyekubali na aliyeambiwa utakachofanya. Flashi mbili ndogo zinatosha, moja kila upande, usawa wa taya, nyuma kidogo ya mstari wa masikio. Usitumie softiboksi kubwa, lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga. Mwanga unaotoka kwenye uso mpana unazunguka pua na kuingia katikati, nawe unataka ukome.

Adui yako mkubwa ni kuta. Studio zetu nyingi ni chumba kimoja chenye kuta nyeupe, na kuta hizo zinarudisha mwanga mbele ya uso bila kukuuliza. Unaondoa taa ya mbele, lakini ukuta unaifanya kazi yake. Tundika kitambaa cheusi mbele na pembeni ya anayepigwa picha. Pia zisogeze taa karibu naye. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda: ukizidisha umbali mara mbili unabakiwa na robo. Taa iliyo nusu mita kutoka shavuni inaliangaza shavu na kufika ukutani ikiwa imechoka, ila iliyo mita mbili inaangaza kila kitu.

Ngozi nyeusi inabadilisha hesabu, na hapa mafunzo mengi ya mtandaoni hayatusaidii kwa sababu yameandikwa yakiwa na ngozi kama ya Krupp akilini. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo lake kwa mteremko kati ya sehemu yenye mwanga na yenye kivuli. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo zaidi kwa mng'ao, yaani mwanga unaoruka juu ya ngozi kama unavyoruka juu ya mbao iliyosuguliwa. Kwa hiyo kinachoamua ni pembe ambayo mng'ao huo unakuja kwenye lenzi. Sogeza taa vidole viwili mbele au nyuma, utaona mstari wa nuru ukitembea kutoka sikioni hadi kwenye mfupa wa shavu. Mafuta kidogo usoni yanaukaza mstari, poda inautuliza. Kiwango cha mwanga kipime kwenye mng'ao huo, wala usikiachie kipimo cha kamera: kamera ikiona uso mweusi mbele ya giza itadhani picha ni hafifu, itaongeza mwanga, na giza lako la katikati litageuka kijivu.

Ukijani nao hauji wenyewe siku hizi. Tyubu nyingi za sasa ni za LED na hazina tabia ile ya zebaki, na kamera ikiachwa kwenye waiti balansi (usawazishaji wa rangi) ya kujiendesha itausafisha hata uliopo. Iweke kwenye mchana, usiibadilishe, kisha bandika karatasi ya plastiki ya kijani hafifu mbele ya flashi. Kwenye ngozi nyeusi rangi hukaa juu ya mng'ao peke yake, kwa hiyo karatasi nzito itakupa picha ya klabu ya usiku.

Kitu kimoja cha Essen hutaweza kukirudia. Filamu ya Newman ilihitaji kusafishwa kwanza, na Krupp alishuka jukwaani bila kujua sura yake imekuwaje. Siku hizi picha inatokea kwenye skrini sekunde ile ile, na wateja wakubwa huja na msaidizi ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya skrini hiyo. Mtu kama Krupp akipigwa picha leo, baada ya fremu ya kwanza msaidizi angenong'ona, na mtu angekuja na ubao mweupe.